Krediti Sitini za Maman Neema

Siku yangu ya kwanza kazini, Madame Directrice, mkuu wa shule ya jioni ya watu wazima kule Koekelberg, Ulaya, alinipa kiti chenye mguu mmoja mfupi, kisha akauliza: "Bukavu ulifanya kazi gani?" Nikamwambia nilikuwa mwalimu, na wakati wa likizo niliuza vitenge sokoni pamoja na mama yangu. "Basi utatufaa," akasema. "Watu wanakuja hapa na ndoto. Wewe utawapatanisha na ratiba."

Ndivyo nilivyoingia katika orientation, kazi ya conseiller, mshauri anayemsaidia mwanafunzi kuchagua kozi. Nilianzia dirisha la kuandikisha, nikahamishiwa tawi la Berchem chini ya Sous-Directeur, naibu mkuu aliyeogopa simu, na mwishowe Ganshoren, katika ofisi yangu mwenyewe yenye makabati mawili. Nilihesabu tena: mawili.

Wengi walitaka saikolojia. Njia ilikuwa hii: unasoma kwetu jioni, kila kozi ina krediti zake, yaani kipimo cha uzito wa kazi yake, halafu unapeleka faili chuo kikuu, nacho kinachagua kozi za kukubali. Kuvuka huko tuliita passerelle, kijidaraja cha miguu. Chuo hakijali jina la kozi. Kinasoma fiche, karatasi inayoeleza kozi ina saa ngapi na ndani mnafundishwa nini. Kwa hiyo mpango hupangwa kuanzia mwisho: ulizia kwanza ng'ambo ya daraja wanataka nini, ndipo uchague huku. Wengi hufanya kinyume, kama mtu anayenunua viatu kwa rangi.

Maman Neema, mzaliwa wa Uvira, alihudumia wazee katika nyumba moja ya Ganshoren. Mkuu wake alikuwa amempunguzia saa za kazi kwa sharti moja: Septemba iliyofuata awe ameingia chuo kikuu. La sivyo, arudi kazi ya siku nzima na masomo yaishie hapo.

"Saikolojia ya ndoa, ya mtoto, ya uzee," nilisoma orodha yake. "Statistique, takwimu, iko wapi, Maman?"

"Papa, miye nataka kuelewa bantu, si kuhesabu bantu."

"Chuo kinataka vyote viwili. Niachie ndoa, nikupe statistique."

"Ndoa? Chukua. Ile nilishaisoma kwa nyumba, miaka vingt-deux, bila attestation."

Nikaifuta ndoa, miaka yake ishirini na miwili isiyo na cheti, tukapatana hivyo, kozi kwa kozi, hadi tukafika krediti sitini ambazo chuo kilidai. Nikahesabu. Nikahesabu tena. Sitini.

Muhula wa mwisho, wiki ya tatu, alirudi ofisini na hakutaka kukaa.

"Papa Conseiller, kozi ya lundi, Jumatatu jioni, ni ile ya mwaka jana. Jina tu ndiyo lilibadilika. Mwalimu ni yeye, syllabus ni ile, hata vichekesho ni vile vile."

Nilifungua fiche mbili, nikaziweka sambamba. Kweli. Shule ilikuwa imeibadilisha kozi jina, orodha yetu ikabaki na majina yote mawili, nami nilihesabu mara mbili orodha ileile bila kufungua fiche hata moja. Chuo kingeihesabu mara moja tu. Maman Neema alipungukiwa krediti tano.

Kozi pekee iliyoweza kuziba pengo ilikuwa Statistique ya pili, na uandikishaji wake ulikuwa umefungwa. Nikaenda kwa Madame Directrice.

"Ulihesabu?"

"Mara mbili, Madame."

"Na mara zote mbili ulikosea?"

"Mara zote mbili, kwa namba ileile."

Hakucheka. Nikaomba wiki nne za kumsaidia afikie wenzake. "Jumamosi mbili," akasema. "Kisha atafanya mtihani wa masomo yaliyompita. Akianguka, haingii. Na wewe uliyemtia shimoni ndiye utakayemfundisha."

Hapa niseme ukweli: miaka yote ile niliyowauzia watu statistique, sikuwa nimewahi kuionja.

Tulikaa kwenye kafeteria ya shule. Tukakwama kwenye écart-type, kipimo cha jinsi watu walivyotawanyika mbali na wastani. Nilisoma ukurasa mara tatu, nikaelewa namba ya ukurasa. Maman Neema akatoa daftari. Wiki nzima, zamu ambazo sahani alikusanya yeye mwenyewe, alikuwa ameandika dakika ambazo kila mzee alitumia kumaliza supu.

"Wastani ni vingt minutes," akasema. "Lakini angalia. Monsieur wa chumba cha mwisho, cinq. Bibi wa dirishani, trente-cinq. Nani anakula kwa vingt?"

Tukatafuta mstari kwa mstari, kutoka tano ya Monsieur hadi thelathini na tano ya bibi, mtu wa dakika ishirini. Hakuna.

"Donc, ile vingt si muntu. Alors, ni nini?"

Tukabishana juu ya swali hilo hadi chai ikapoa. Ghafla akaweka kalamu chini.

"Papa, cuisine wanakusanya sahani kwa vingt minutes. Na yule bibi wameandika ku dossier yake ati hana appétit."

Basi bibi hakukosa hamu ya kula; jikoni walimwondolea sahani dakika kumi na tano kabla hajamaliza. Nikaiangalia ile écart-type upya. Sikumbuki tena nani alikuwa akimfundisha nani.

Mtihani aliushinda, akaandikishwa, kozi akaimaliza. Yule bibi akaanza kuachiwa sahani yake. Kiangazi barua ya chuo ikafika: krediti zote sitini zimekubaliwa.

Nilistaafu miezi ile ile. Vijana bado hunisimamisha njiani kuniuliza kozi gani ni rahisi. Sijui, na sikuwahi kujua. Najua tu kwamba jina la kozi limeandikwa ili likuvutie, na fiche imeandikwa ili ikufunge. Soma ile inayokufunga. Na ukiwa mshauri, siku moja moja kaa darasani uone unachowapa watu.

Oktoba simu ililia. Maman Neema, kutoka chuo kikuu, nyuma yake kelele za ukumbi wa watu mia tatu.

"Papa, tuko trois cents mu salle! Professeur ameuliza kama kuna question. Wote kimya."

"Na wewe?"

"Nimeuliza ile yetu ya supu, ile vingt ni nini. Akasema, ile tutaiona mbele." Akapunguza sauti. "Bon. Nimehamia premier rang, kiti cha mbele kabisa. Namungoja."