Chupa Iliyofunikwa Foronya

Siku niliyoripoti kazini Tukuyu, mgonjwa wangu wa kwanza aliruka dirishani.

Nilikuwa daktari msaidizi, ngazi iliyokuwa kati ya tabibu na daktari kamili. Tulifundishwa kupasua kwa sababu wilayani mara nyingi hapakuwa na mwingine wa kupasua. Nilitoka Singida na sanduku la bati, na koti jeupe ambalo mama alilipiga pasi ya mkaa mpaka likasimama lenyewe. Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa hospitali, alilitazama lile koti, akaitazama mvua nje, kisha akaniuliza kwetu ni wapi. Nilipomwambia, alicheka.

“Singida! Huko mvua mnaisimulia tu. Hapa utaishi nayo. Kabla hujanunua kitanda, nunua buti.”

Niliingia chumba cha wagonjwa wa nje, akaletwa mwanamke kijana aliyeolewa karibuni, analalamika tumbo. Nikiwa katikati ya maswali, mzee mmoja akafungua mlango, anatafuta dawa ya kikohozi. Kufumba na kufumbua kiti kikawa kitupu, na ncha ya kanga inapotelea dirishani. Nikapiga kelele. Matroni akaja. Alikuwa muuguzi mkuu wetu, mama mwenyeji wa Mpuguso mwenye sauti ya kutosha wodi mbili. Alilitazama dirisha, akamtazama mzee aliyekuwa amegeukia ukuta, akaelewa kila kitu.

“Huyu ni baba mkwe wake,” aliniambia. “Kwetu mkamwana haonani na baba mkwe. Hawakai chumba kimoja, hawasalimiani, hawatazamani usoni. Ni heshima, daktari. Wewe ulitaka afanye nini?”

“Na tumbo lake je?”

“Tumbo halijaenda mbali. Zunguka nyuma, umwangalie kwenye migomba.”

Nikazunguka. Ndivyo nilivyoianza kazi yangu, nimechuchumaa kwenye matope nikiminya tumbo la mgonjwa, na lile koti la mama halikuwa jeupe tena mpaka leo.

Vijana mnaofanya kazi hii sasa mna altrasaundi, mna vipimo vya damu vya kuonyesha mimba kabla mwenyewe hajaihisi, na wengine wenu mnapasua kwa kutoboa matundu madogo tu. Sisi tulikuwa na masikio, vidole na maneno ya mgonjwa. Tena masikio yenyewe yalikuwa ya kubahatisha, maana mvua ya Tukuyu ikipiga bati husikii kitu kwenye kipimo cha kifua. Mfawidhi alikuwa na agizo moja alilotuimbia kila asubuhi: “Mwanamke wa umri wa kuzaa akija na maumivu ya tumbo na macho meupe, usiniletee habari za minyoo. Niletee habari za siku zake.”

Alichokuwa akikiogopa ni mimba iliyotunga nje ya kizazi. Kwa kawaida yai hutoka kwenye ovari, ambayo ni ghala ya mayai, likapita kwenye mrija na kwenda kukaa ndani ya kizazi. Mara nyingine mimba inakwama njiani, kwenye mrija. Inakua mahali pasipo na nafasi, inapasuka, na damu inajaa tumboni bila tone kuonekana nje. Tulipomshuku mama, tulichoma sindano ndefu nyuma ya shingo ya kizazi na kuvuta. Damu tuliyoipata tuliiweka kwenye kibomba cha kioo, tukaitazama. Ikiganda, huenda tumechoma mshipa tu. Ikikataa kuganda, imetoka tumboni, na hapo hakuna tena mazungumzo, ni kukimbilia chumba cha upasuaji. Damu ikiwa bado mbichi tuliichota kwa bakuli dogo, tukaichuja kwa gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, na kumrudishia mwenyewe. Najua mnakunja uso. Wapo akina mama wanaolima chai mpaka leo kwa sababu ya bakuli lile.

Nilishakuwa mwenyeji, nina buti na hata maneno machache ya Kinyakyusa, siku alipoletwa Subilaga. Alibebwa kwa machela kutoka vijiji vya juu vya Kinyala, mvua inanyesha. Wabebaji walikuwa majirani. Baba mkwe wake alikuja nao, lakini nyuma kabisa, umbali wa kuona migongo ya wabebaji tu. Machela ilipoingia mapokezi, yeye alipitiliza akaenda kusimama nyuma ya jiko la hospitali.

Mapigo ya Subilaga yalikuwa mepesi na ya haraka, presha imeshuka, na nilipofunua kope ndani palikuwa peupe kabisa. Ubavuni kwa chini alikuwa na kovu la zamani. Sindano ikatoa damu isiyoganda. Matroni akamwinamia mdomoni, maana sauti ilishakuwa ndogo, na akawa anatupa maneno yake kwa Kiswahili. Maumivu yalimwanza siku ya gulio lililopita. Maana yake damu ilishakaa sana tumboni, isingefaa kurudishwa. Kovu lile alilipata akiwa msichana, katika hospitali nyingine, ovari ya kulia ilipojisokota ikabidi itolewe. Hakuwa na mtoto. Kisha akanishika mkono mwenyewe, akasema kwa Kiswahili:

“Daktari, imebaki moja. Msinitoe na hii.”

Nilimtazama Mfawidhi. Naye alikuwa amesikia.

“Kwanza tumpate yeye mwenyewe,” alisema. “Lakini tumesikia, mama.”

Maabarani hapakuwa na damu ya kundi lake hata chupa moja. Mumewe alikuwa Chunya machimboni. Tukawageukia majirani. Watu waliokuwa wameteremka milima na machela begani walianza kukumbuka ng’ombe ambao hawajakamuliwa! Mmoja alijitoa, Mungu ambariki, lakini damu yake haikupatana. Hapo ndipo tuliposikia mtu anakohoa nyuma ya jiko.

“Mimi bado hamjanipima,” alisema baba mkwe.

Matroni alimfuata. Mzee alikuwa mzee wa kanisa, na kanisa lilikuwa limelegeza mila nyingi, ila hii ya mkwe yeye hakuilegeza.

“Taata,” Matroni alimwita, yaani baba, “unajua damu hii inakwenda kwa nani?”

“Najua. Mwanangu hawezi kufika leo, na mimi nipo. Nitakaa huku huku. Damu iende yenyewe.”

Ikapatana. Tulimtoa chupa moja, kwenye benchi la jikoni, mpishi akimshikia mwavuli.

Nilidhani mambo yamekwisha. Tulimlaza Subilaga mezani, tukaitundika chupa, na kabla ya kupewa dawa ya usingizi akafumbua macho akaitazama.

“Ni ya nani?”

Matroni hakuwa mtu wa kudanganya mgonjwa. “Ni ya baba mkwe wako. Ametoa kwa hiari yake.”

Subilaga alivuta shuka mpaka usoni, akageuza kichwa upande wa pili na kuanza kuuvuta mkono wake mbali na mpira wa damu. Nilipandwa na hasira. Maisha ya mtu yanayoyoma mbele yangu, naye anaionea haya chupa! Nikaanza kufoka.

“Wewe nyamaza,” Matroni aliniambia, na kwa kuwa alikuwa Matroni, nilinyamaza. Alikwenda kwenye rafu ya nguo safi, akarudi na foronya ya mto. Akaivisha ile chupa kuanzia juu mpaka chini, akaifunga kwa kipande cha gozi. “Haya, mwanangu. Humwoni, hakuoni. Nipe mkono.”

Shuka ikateremka kidogo. Jicho moja likachungulia, likaona foronya. Kisha mkono ukatoka, ukanyooka wenyewe.

Nilifungua tumbo mimi, Mfawidhi akinisaidia upande wa pili wa meza. Tuliondoa mabonge ya damu, nikapapasa kizazi, nikaufuata mrija wa kushoto nikitegemea kukuta pale palipopasuka. Mrija ulikuwa mzima, laini, hauna jeraha. Kando yake ovari ilikuwa imevimba, na juu yake donge jeusi linachuruzika. Mkono wangu ukanyoosha koleo ili nibane nitoe kila kitu.

“Mkono wako unakwenda wapi?” Mfawidhi aliuliza.

“Kubana, mkuu. Nitoe.”

“Umeshaelewa unachokiona? Nisomee.”

Nikamsomea. Mrija mzima. Donge limekaa kwenye ovari yenyewe, na ovari imeshikamana na kizazi kwa kano yake, kama kawaida.

“Kwa hiyo?”

“Kwa hiyo mimba imetunga kwenye ovari, mkuu.”

“Ulishawahi kuiona?”

“Kitabuni.”

“Hata mimi, mpaka leo ilikuwa ya kitabuni.” Akaishika ile ovari kwa vidole viwili. “Unaweza kukata kipande chenye mimba tu, kwa umbo la kabari, ukashona kinachobaki. Itavuja kuliko ukitoa yote. Tusingekuwa na ile chupa, ningekuambia toa upesi tufunge. Lakini tunayo. Jaribu. Chupa ikifika nusu na bado panavuja, unabana, na hutabishana na mimi.”

Nikakata. Damu ikaja, nikashona, ikaja tena pembeni ya uzi.

“Chupa ikoje?” Mfawidhi alimuuliza muuguzi wa usingizi.

Binti yule akainama kuinua pindo la foronya.

“Piga hodi kwanza,” alisema Mfawidhi bila kuinua macho, “kuna mkwe humo.”

Tulicheka, jamani, tumbo la mtu likiwa wazi. Mpaka leo sijawahi kukihitaji kicheko kama kile.

“Inakaribia nusu,” alisema binti.

Nikashona mara ya tatu, kwa uzi mwembamba zaidi, nikakandamiza kwa gozi yenye maji vuguvugu. Mvua ilikuwa juu ya bati kama kawaida yake. Mfawidhi akaninyanyulia gozi polepole, sote tukainamisha vichwa. Pakavu. Tulisubiri, bado pakavu.

“Funga tumbo,” alisema. “Na usitangaze mitaani kwamba mimi nilikuwa naogopa.”

Kipande tulichokata tulikitia kwenye dawa ya kuhifadhi na kukipeleka Mbeya, na majibu yalirudi kama tulivyosema. Subilaga aliondoka kwa miguu yake, akipitia mlango wa mbele, mzee akipitia wa nyuma.

Baada ya hapo nilihamishwa. Nilikaa Chunya, nikakaa Ileje, nikawa na wakuu wengine, wapole na wakali. Nikiwa Ileje, Matroni alinitumia salamu kwa dereva wa gari la wagonjwa: “Mwambie daktari kabari yake imezaa. Mtoto wa kike.” Nililia mbele ya yule dereva, na sikuona haya.

Nilirudi Tukuyu uzeeni mwa kazi, mimi mwenyewe nikiwa Mfawidhi, nikikaa kwenye kiti cha yule aliyenicheka kwa ajili ya mvua. Yeye na Matroni hawapo tena duniani. Ninawakumbuka sana, hasa nikisikia mvua ikianza. Siyo kwamba enzi zetu zilikuwa bora. Tulipoteza akina mama ambao mashine zenu zingewaokoa, na ningefurahi kuwa na hata moja ya mashine hizo. Ninachokikumbuka ni jinsi tulivyolazimika kuwasogelea watu, kuwasikiliza mdomoni, kujua nani anamwonea nani haya, maana bila hivyo hatukuwa na kipimo kingine.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilimkuta yule mzee, baba mkwe wa Subilaga, wodi ya wanaume. Moyo ulikuwa umechoka, miguu imevimba, na sote wawili tulijua. Kila mchana mjukuu wake, binti wa sekondari anayeitwa Tumpe, alimletea mbalaga, zile ndizi za kupikwa, kwenye bakuli lenye kifuniko. Subilaga, mama yake, alipika, akamsindikiza mpaka getini, akaishia hapo.

“Daktari,” mzee aliniita siku moja, sauti ya chini. “Nimekula chakula chake miaka yote hii. Najua kikohozi chake. Najua nyayo zake akipita nyuma ya nyumba. Lakini uso wake sijauona hata siku moja. Wewe ulimwona. Mkamwana wangu anafananaje?”

Kando ya kitanda Tumpe alikuwa ameinamia bakuli, anapuliza ndizi zipoe, hana habari na mazungumzo yetu. Paji lile, jicho lile lililochungulia nyuma ya shuka.

“Taata,” nilimwambia, “mtazame huyo anayekupulizia chakula. Ndiye huyo huyo. Hakuacha kitu.”

Mzee alimtazama mjukuu aliyemwona kila siku tangu azaliwe. Alimtazama kwa muda. Kisha, taratibu, kwa heshima, akageuzia uso wake ukutani, na kutoka pale nilipokuwa nimekaa niliona shavu lake likitabasamu.

“Ndaga, daktari,” alisema. “Ndaga fijo. Asante sana.”