Majivu Chini ya Gadenia

Katika masika ya mwaka wake wa tisa, binti mmoja alipewa na mama yake mche wa gadenia aushike wima, na mama akaushindilia udongo chini ya dirisha la chumba chake mwenyewe. Mche ule ukawa kichaka kisichopukutisha majani, na kila mwaka harufu ya maua yake meupe iliingia ndani bila hodi.

Miaka arobaini baadaye, binti yule alikuwa dobi mwenye pasi ya mkaa. Mama alikuwa amepofuka na hakutoka tena kitandani. Gadenia nayo ilikuwa imepitisha misimu miwili bila ua. Majani yalikuwa ya manjano, na vitumba vilidondoka kabla ya kufumbuka.

“Mdogo wangu, mti huo umeshakata kamba,” alisema kaka yake, mwashi. “Matofali yanafika mwisho wa mwezi, na ukuta wa jiko unapita hapo hapo. Nikikuta ua, nitaupindisha ukuta. Nisipokuta, nang’oa.”

“Ningelinusa ua lake mara moja tu,” mama alisema kutoka kitandani, sauti yake ikipita dirishani. “Siombi kingine.”

Dobi alimwita muuza miche, ambaye alifikicha udongo vidoleni.

“Hiki cheupe ni nini, dada?”

“Majivu ya pasi. Namwagia kila Jumamosi. Mchicha wangu unayapenda mno!”

“Mchicha, sawa. Gadenia inataka udongo wenye uchachu, na majivu yanauondoa. Umeilisha sumu kwa kijiko cha dhahabu.”

Dobi alipiga magoti shinani. Kumbe ni mkono wake mwenyewe! Alikwangua majivu yote, akajaza majani yaliyooza, akamwagilia maji ya mvua. Kila asubuhi alihesabu vitumba: saba, vinne, viwili. Kikabaki kimoja.

Matofali yalifika siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi. Kaka akaja na jembe.

“Hakijafumbuka,” alisema.

“Mpaka kesho, kaka.”

“Kesho yako haina mwisho!”

Akainua jembe. Dobi akaketi shinani. “Basi anza na mimi.”

“Toka, nina kazi.” Hakutoka. Kaka alisonya, akaanza kuchimba msingi upande wa pili. Kufikia jioni, mtaro ulikuwa umebakiza hatua mbili kufika kwenye shina.

Asubuhi kaka alirudi mapema, akachimba hatua moja zaidi. Ndipo sauti ya mama ikatoka dirishani:

“Nani kafungua ua langu?”

Wote wawili waligeuka. Kitumba kilikuwa kimefumbuka nusu. Kaka aling’oa vigingi vya kamba ya kupimia ukuta, akaisogeza pembeni.

“Ukuta wenye kona,” alinung’unika. “Watu watasema nilijenga nimelewa.”

Mama alifariki kabla ya msimu uliofuata. Habari ya mwisho tuliyo nayo kuhusu dobi ni ya siku alipohamia kwa bintiye: alikipogoa kichaka, akafagia majani yaliyoanguka, akamkabidhi kaka yake ufunguo wa nyumba.