Nguzo za Uwanja wa Majua Mawili

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Tunduma, mzee Simbeye mchora mabango alinipa msasa, si brashi. "Rangi haishiki kwenye uchafu, mdogo wangu. Sugua." Nilikuwa nimeishia darasa la nne, nikasugua mabati miezi mitatu.

Baadaye alinipeleka Isongole kupamba majukwaa ya mikutano ya injili. Huko ndiko nilikojifunza kuigiza chuma. Unavalisha mwanzi karatasi za mifuko ya saruji kwa gundi ya unga wa muhogo, zikikauka unapaka rangi ya fedha, halafu masizi kidogo kwenye viungo. Mtu anaapa ni bomba la chuma. Simbeye alikuwa na sheria moja: nguzo ya pambo, isiyobeba uzito, iwekewe msalaba mwekundu usawa wa macho.

Filamu za CD zilipopamba moto, akaja mjini Mlowo mwongozaji mmoja, Bwana Ezekia. Filamu yake ilihusu watu waliohamia sayari nyingine. Kwenye kiwanja cha kuanikia kahawa tukamjengea uwanja mkuu wa mji wao, Uwanja wa Majua Mawili: minara, magari yanayoning'inia kwa waya kana kwamba yanaruka, na roshani ya rais yenye nguzo sita. Mbili zilikuwa mirunda, miti ya kweli ya kubeba uzito. Nne zilikuwa mianzi yangu.

Asubuhi ya kupiga picha, Ezekia akaona misalaba.

"Fundi, huko sayarini kuna kanisa?" Watu wakacheka. "Futa."

Nikamwambia ile ni alama, juu apande rais peke yake. Nikamtazama Simwinga, msimamizi wa ujenzi, aliyezisimamisha nguzo zote kwa mikono yake. Akageuzia macho pembeni. "Paka tu, bwana. Jua linapanda."

Nikapaka.

Rais akapanda, akapunga mkono. Ezekia hakuridhika. "Rais gani hana watu? Pandisheni kumi!"

Wa mwisho alikuwa Leya, muuza ndizi wa stendi, kavalishwa gauni linalong'aa. Akasimama kwenye ngazi, akashika nguzo.

"Kaka, hiki chuma kweli?"

Ezekia alikuwa ananikazia macho.

"Chuma, dada. Panda."

Hakukuwa na kishindo. Nilisikia mlio kama wa mtu anayevunja muwa gotini, roshani ikalala. Nilimwona Leya akija chini, mkono bado unapunga kama alivyofundishwa. Na watu wakapiga makofi! Walidhani ni filamu. Ezekia akapaza sauti, "Kamera isizimwe!" Mimi mrunda ulikuwa juu ya mguu wangu, nalia, nao wanashangilia. Hadi leo sijaamini. Makofi yalikoma ilipoonekana kuwa Leya hainuki. Hakuinuka tena.

Ezekia na Simwinga walipohojiwa walisema ni upepo. Upepo gani? Kahawa iliyoanikwa kando haikusogea hata punje. Nawataja: Ezekia aliyeamuru, Simwinga aliyenyamaza.

Kazi nimeiacha, mguu haupandi ngazi. Mafundi wa sasa huja nyumbani kuniuliza rangi ya fedha inachanganywaje, nami nawaonyesha. Mmoja juzi alirudi na kipande cha mwanzi alichopaka mwenyewe, akanishikisha. "Mzee, nimepatia? Hiki chuma kweli?"

Nikakigeuza huku na huku, hakikuwa na msalaba. Nikamwambia alete rangi nyekundu kwanza.