Funza wa Ofisi ya Chifu

Nilipokuwa mtoto, mwanzoni mwa miaka ya sabini, Serikali iligundua kwamba ofisi ya chifu wetu kule Kalamba haikuwa na maua. Barua ikaja na mihuri miwili: D.O., mkuu wa tarafa, angetembelea, na akute mandhari ya kupendeza. Maji ya kumwagilia hayakutajwa. Mama, aliyekuwa mfagiaji wa ofisi, alipewa madebe sita, miche sita na onyo moja: maua yakifa, kazi imeisha.

Nikatumwa mbolea kwa Syokau, jirani aliyesifika kwa ng'ombe na kwa mdomo. Nyanya yangu, tuliyemwita Susu, alinishika mkono mlangoni.

"Uombe, umesikia? Mbolea ya mtu ikichukuliwa bila kuombwa, huja na wenyeji wake. Watakula ulichopanda."

"Wenyeji gani, Susu?"

"Utawaona."

Mimi nilimwogopa Syokau kuliko wenyeji nisiowajua. Nilimkuta amekwenda kuteka maji, nikajaza karai pale pale kwenye lango la boma la ng'ombe, nikarudi nikasema amekubali.

Wiki ya tatu maua yakaanza kulala. Mama akamwagilia, yakazidi kulala. Chifu akaiandikia ofisi ya kilimo ya mji wa Wote kuomba dawa, nakala tatu. Asubuhi moja Mama alivuta mche, ukamfuata mkononi kama kijiko kwenye uji. Mizizi ilikuwa imeliwa. Chini yake walijikunja funza weupe, wanene kama kidole gumba cha Chifu.

Mama alivua aproni ya Serikali, akaikunja vizuri, kama mtu anayeirudisha.

Hapo nikalia na kusema yote. Susu hakushangaa hata kidogo. "Basi warudishe kwao," alisema. "Na mdomo wako uende nao."

Tulibeba madebe hadi kwa Syokau, mimi mbele. Nilikiri huku nikitazama vidole vya miguu yangu. Syokau alichungulia debe, akacheka mpaka akaushika ua wa boma.

"Wewe mwizi wa wapi! Umeacha ile niliyoianika na kuichekecha, ukaiba hii ya langoni? Hii hata mimi siigusi, imejaa hao. Si ungeuliza tu, mwana?"

Akamwaga udongo juu ya gunia. Kuku walikuja, wakamaliza kazi bila barua wala nakala. Kisha akatugawia mbolea yake kavu, akachanganya na mchanga, akamwonyesha Mama pa kukata vijiti vilivyokuwa hai na kuvipanda upya.

Siku ya D.O. ilifika, D.O. hakufika. Alikuja miezi miwili baadaye, maua yakiwa yamefunguka, akayapita akiuliza choo kiko wapi. Mama alifagia ofisi ile mpaka alipostaafu. Jibu kutoka ofisi ya Wote nalo lilikuja: dawa iliyopo ni ya pamba, na ofisi ya chifu haijasajiliwa kulima pamba.

Leo nina vyungu vyangu barazani, na nimesoma kuhusu mbawakawa na mayai yao kwenye samadi. Vitabu vinashauri kuianika na kuichekecha. Havimtaji Syokau. Hata hivyo, nikienda kununua mbolea huanza kwa kuomba, kwa adabu zote, na muuzaji hudhani nataka apunguze bei. Akishatulia, hunishika mkono, tukaliacha rundo la mbele, akanipeleka nyuma kwenye ile nzuri.