Saa Yangu ya Kauri Yatoa Siri

Wiki iliyopita niliingia kwa fundi saa pale Nyamongo nikiwa nimefura. Saa yangu nyeusi ya kauri, ile ya otomatiki ninayotamba nayo kila mahali kwa sababu haitumii betri, ilikuwa imesimama mara tatu ndani ya siku nne.

Fundi aliitikisa kidogo, ikaanza kwenda.

“Shikamoo, mzee. Kwani unafanya kazi gani?”

“Marahaba. Naandika gazetini.” Sikumwambia kwamba ni safu hii hii inayowasema vijana kila mara kwa uvivu.

“Unaandika umekaa?”

Nikakubali. Akanieleza kwa upole, kama daktari mwenye majibu mabaya, kwamba saa ya namna hii inaendeshwa na mkono unaofanya kazi. Mkono ukilala, nayo inalala.

Mama mmoja anayeponda mawe ya dhahabu jirani na kibanda alisogea, akaipitishia saa kidole gumba chenye vumbi.

“Haina hata mkwaruzo!”

“Kauri haikwaruziki, mama,” nikajigamba.

“Itakwaruzwa na nini, baba? Kalamu?”

Kwa hasira nikaivaa saa, nikamwomba nyundo. Nililipiga jiwe lake, nikakosa, nikapiga tena, mpaka shati likalowa jasho. Jiwe lilikuwa bado zima. Mama akaushika mkono wangu, akatega sikio kwenye saa.

“Fundi,” akaita, “saa imepona. Sasa njoo umtengeneze mzee.”