Mikono ya Mwamini

Msije mkasema bibi kizee ameota. Misago yupo, anaendesha bodaboda Kalinzi mpaka leo. Kiza yupo, mke wa Gwimo, na mtoto wake sasa anatembea. Waulizeni. Mimi shule niliachia darasa la pili, lakini jina la mtu likishaingia masikioni mwangu halitoki. Ndiyo maana jambo hili linaniuma.

Asubuhi ile Zuhura alinipigia simu kutoka Ujiji. Mama yake, dada yangu Mwamini, amefariki alfajiri. Kwa mama yetu tulikuwa tumebaki wawili tu, mimi na yeye.

"Mama mdogo, wahi. Wanaume wanasema tunazika baada ya adhuhuri."

Nilitaka kitu kimoja: kuuona uso wake kabla jeneza halijatoka, maana sisi wanawake makaburini hatuendi. Na mvua ya usiku ilikuwa imeporomosha udongo barabarani, magari yamekwama. Misago akanipitisha njia za mashambani.

"Bibi, nishike sawasawa. Ukianguka, wajukuu zako wataninyonga."

Hatujafika mbali, kwenye banda la kupokelea kahawa, tukasikia mtu analia kwa Kiha, "Mawe we! Mawe we!" Anamwita mama yake. Ndani tukamkuta Kiza, peke yake, amelala kwenye magunia, damu imetapakaa. Mumewe alikuwa amekwenda kutafuta gari. Nikainama nitazame. Mguu wa mtoto ulikuwa umetangulia.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Nikamtuma Misago zahanati.

"Na msiba, bibi?"

"Nenda!"

Pikipiki ilipopotea kwenye migomba nilijua dada yangu atafukiwa sijamwona.

Na niaminini, sikujua hata pa kuanzia. Mkunga alikuwa Mwamini. Ujiji nzima imepita mikononi mwake. Mimi tangu usichana nilikuwa mtu wa kumshikia taa na kulia. Kiza akanikaba shingo: "Bibi, usiniache nife." Jasho lake lilikuwa la baridi. Simu ikalia, Zuhura tena, nikaizima. Nikamwita Mungu. Nikamwita na Mwamini, kwa sauti, kama mwehu.

Ndipo akaingia mwanamke.

Macho yangu yana mtoto wa jicho, watu nawaona kama wako nyuma ya moshi. Niliona umbo refu, khanga imeshuka mpaka kwenye nyusi. Sauti ilikuwa ya msichana. "Mwakeye," akasalimu, polepole, kama jirani aliyekuja kuomba chumvi. Akatoa chupa ya mawese, akawasha vijiti, akayapasha moto kwenye kifuniko cha debe, akajipaka mpaka viwikoni. Mimi machozi yananitiririka tu.

"We naye, unalia nini? Mwenye uchungu ni wewe?"

Hakuwa na haraka. Alikuwa akisema na mtoto, siyo na mama. "Njoo basi. Usione haya, sote tulipita hapo." Mtoto akatoka, wa kike, rangi ya zambarau, kimya.

"Mbona halii?" Kiza akauliza. "Bibi, mbona halii?"

Yule mwanamke akamfyonza pua, akatema. Akamsugua mgongo. Kimya. Akamfyonza tena. Mimi nilikuwa nimeshafumba macho, ndipo kikatoka kilio kidogo, chembamba, kama cha mwanambuzi, halafu kikubwa. Nikacheka. Siku ya msiba wa dada yangu, nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Unaitwa nani, mwanangu? Tumpe mtoto jina lako."

"Mpeni. Si unalijua?"

Nikadhani utani. Nikamwambia apumzike kwanza.

"Nimeacha watu nyumbani wananingoja. Hawawezi kuanza bila mimi."

Akashika njia ya kuteremkia ziwani, kwa miguu. Mimi nikageukia mtoto.

Misago alirudi na muuguzi, naye akasema mama na mtoto wote wazima. Tukaondoka. Tulipofika penye mteremko, ziwa likafunguka chini yetu, limetulia kabisa, nami nikawaza: moyo huu huu mmoja unawezaje kubeba kilio kile na kicheko kile? Nikawa nalia mgongoni kwa Misago.

Tulifika Ujiji alasiri. Nilitegemea kukuta mikeka mitupu. Jeneza lilikuwa bado ndani.

"Mama mdogo," Zuhura akanishika mkono, "mama aligoma kuzikwa."

"Unasema nini?"

"Sanda ilikuwa inaingia wekundu kwenye mikono. Tukadhani damu. Kufungua, mawese! Ya moto, mama mdogo! Tukamwosha upya, tukambadilishia sanda, yakarudi mpaka viwikoni. Hii ya tatu ndiyo imebaki nyeupe."

Wakanifunulia uso. Chini ya harufu ya kafuri nilisikia mawese na moshi wa vijiti.

Mtoto anaitwa Mwamini, ingawa kwa Gwimo ni Wakristo. Chakula chenye mawese sijala tena, hakipiti. Na watu wa Kalinzi walianza kunifuata wakidhani mikono ile ni yangu. Nilikwenda mara moja, kwa mke wa Bukuru. Nilimwita Mwamini mpaka sauti ikakauka. Hakuingia mtu. Mtoto hakulia. Tangu hapo wakibisha hodi nawaambia, mkimbizeni zahanati, kwangu hakuna kitu.

Nanyi mnaosoma, nawaomba. Mtu akikutokea kwenye shida, usimwachie aondoke hivi hivi. Mfunue khanga, mtazame usoni, hata akikasirika. Dada yangu alikuwa mbele yangu, anasema, ananicheka. Nikamwacha ateremke peke yake kwa miguu, halafu mimi nikapanda pikipiki kuwahi kuagana na maiti yake.