Saumu ya Bonface

Mtu akikwambia Bonface ni mlafi, mwambie Abubakar mshoni amesema huyo ni mwongo. Bonface amepanga chumba katika nyumba aliyotuachia marehemu baba yangu hapa Likoni, mlango wake na wangu yatazamana, na kwa mahali pa kula, wallahi, hakuna anayemfikia. Ukitaka kujua wapi Changamwe kuna supu isiyo maji matupu, muulize yeye. Wapi Kisauni samaki hatiwi mafuta ya juzi, muulize yeye. Na bado mbavu zake waweza kuzihesabu juu ya shati.

Ni Mkamba wa kule Mwingi. Kazi yake ni kuendesha folklifti kwenye godauni moja huko Changamwe, asubuhi hadi jioni ni kuinua magunia na kuyashusha. Mkewe, Mueni, alikuwa akiishi naye hapa hapa, mwanamke mcheshi, akisikika akicheka mpaka barabarani. Aliugua, akarudishwa kwao, akafariki. Mtoto wao mmoja, Ronny, yuko Nairobi, naye hupiga simu akikumbuka. Tangu kumzika mkewe Bonface hajawasha jiko. Siku moja mke wangu Zuleikha alimtania, "Baba Ronny, jiko lile umeliweka pambo?"

"Mama Mwanatabu," akamjibu, "kupikia mtu mmoja hakuna raha. Unapakua, unageuka, hakuna hata wa kukuambia chumvi imezidi."

Zuleikha aliingia ndani akaacha kutania.

Basi Bonface akawa mtu wa hoteli. Alfajiri, kabla hajavuka feri, mahamri na mbaazi za nazi kwa yule mama wa pale chini. Mchana, Changamwe, kwenye kibanda cha Nyambura nyuma ya magodauni, chapati na madondo, au ugali na matumbo. Jioni akirudi, viazi karai na chatne ya ukwaju, vya kula umesimama. Jumamosi alikwenda zake Mishomoroni kwenye mangwe ya Kaviha kunywa mnazi, na Jumapili, akitoka kanisani Frere Town, alipitia Ziwa la Ng'ombe kula wali na samaki wa kukaanga. Mimi nimezaliwa Mombasa na sehemu nyingine kati ya hizo sijawahi kuzikanyaga.

Lakini nikwambie kitu kilichonishangaza. Nilimwuliza siku moja, "Bonface, wali wa pale Ziwa la Ng'ombe ni wa nazi ama wa mafuta?" Akafikiri. Hakumbuki! Akaniambia, "Pale wana meza ndefu." Nikamwuliza, na kwa Nyambura je? "Kwa Nyambura kuna benchi moja tu, lazima mtu akae karibu na wewe."

"Ala! We bwana wenda kula chakula ama wenda kula meza?" Nilicheka sana. Yeye pia alicheka, na mimi nikarudi kwa cherehani yangu.

Sasa, Ramadhani ikiingia, hoteli za kwetu hufungwa mchana. Jioni kila nyumba hutoa sahani yake, mkeka hutandikwa nje ya baraza yetu, na wanaume wa mtaa huketi kufuturu pamoja. Mkubwa wa mkeka huo ni Mzee Kiponda, jirani yetu, mtu wa msikitini aliye na moyo mzuri, ila akishashika jambo halimtoki. Mwaka juzi Bonface alikuwa apita zake kutoka kazini, adhana imekaribia, Mzee Kiponda akamwita, "Bonface! Karibu futari!" Kwetu mtu hapiti mbele ya futari akaachwa aende hivi hivi, aibu hiyo ni yetu si yake. Akaketi. Akapewa tende, uji wa pilipili manga, muhogo wa nazi, kaimati, sambusa za Zuleikha. Watu walimgombania, huyu amsogezea samaki, yule amwambia hujala kitu wewe. Kesho yake akaja tena, na kesho kutwa, mpaka mwezi ukaisha. Mwaka wa pili yake vile vile. Alinenepa kidogo, na usiku nikamsikia chumbani mwake apiga mluzi.

Mwaka huu akaanza kufunga. Hakumwambia mtu. Yule mama wa mbaazi, ambaye huwauzia wasiofunga kwa kificho, ndiye aliyemwambia Zuleikha kuwa mteja wake amepotea. Nikamwuliza mwenyewe, "Bonface, ati wafunga?"

Akaona haya. "Nitakulaje futari yenu na mimi nimeshinda nikila? Huo si ni wizi, Bwana Abubakar?"

Lau ningenyamaza hapo! Lakini mdomo wangu hauna breki. Nikamweleza Mzee Kiponda, na Mzee Kiponda akalia machozi. "Alhamdulillahi! Moyo wake umefunguka." Jioni hiyo hiyo mtaa mzima wajua Bonface ataka kusilimu, isipokuwa Bonface. Mzee Kiponda akanunua kitambaa cheupe kizuri, akaniletea dukani: "Mshonee kanzu. Siku ya Idd, baada ya sala, atatoa shahada akiwa ameivaa." Mimi nami, mjinga wa watu, sikuuliza kama mwenyewe kanzu ameulizwa. Nilifurahi kupata jirani wa kwenda naye msikitini.

Basi jioni moja, watu wameketi, tende zimegawanywa, adhana bado kidogo, nikatoa futi yangu ya kupimia. "Simama, bwana, nikupime."

Akasimama. Nikamnyoosha mikono huku na huku. "Ya nini?" akauliza, acheka.

"Ya kanzu."

"Ya nani?"

Mzee Kiponda ndiye aliyemjibu. "Yako, mwanangu. Siku ya Idd, inshallah, utaingia dini. Na jina tumeshakutafutia."

Bonface alibaki na mikono imenyooka vile nilivyomwacha. Kisha akaishusha polepole. "Shikamoo, Mzee," akasema, na alikuwa ameshamwamkia tangu alipofika. "Mzee, mimi ni mtu wa kanisa. Mueni amezikwa na kanisa, na mimi nitazikwa kando yake. Sikutaka kudanganya mtu. Mimi nilitaka tu kula na watu."

Halafu jirani mmoja, simtaji, akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Kumbe siku zote hizi alikuwa atucheza shere?" Bonface aliirudisha tende yake sahanini, akavaa ndala, akashika njia ya barabarani. Adhana ikatoka. Nilifuturu, wallahi, na ile futi bado iko shingoni.

Nyumbani Zuleikha alinipokea kwa moto. "Baba Mwanatabu, mtu amekuja kula, nyinyi mwamtolea futi?"

"Kiponda ndiye—"

"Kiponda hana duka la kushona!"

Tukawa hatumwoni. Alitoka watu hawajaamka kula daku, akarudi watu wako kwenye tarawehe. Mlango wake kufuli tu. Mzee Kiponda alikuwa akiacha nafasi ubavuni mwake, na mtu akitaka kuikalia ampa jicho. Ilipofika Jumamosi Zuleikha aliniwekea kofia yangu mbele ya cherehani. "Kamtafute. Na usirudi peke yako."

Usiniulize habari za siku ile. Jua la mwezi wa tatu walijua, nami nimefunga, ulimi umekauka, nafuata mtu kwenye vibanda vya chakula! Nilianza Changamwe kwa Nyambura. Matumbo yalikuwa yachemka, harufu yaniingia mpaka kisogoni, nami namwomba Mungu subira. Nyambura alikuwa akikata sukuma wiki. "Bonface? Huyo siku hizi ananisalimia tu na kupita. Mchana hakuli. Nikafikiri ni mgonjwa. Kwani wewe ni ndugu yake?"

"Ndiyo," nikamjibu, na sijui neno lile lilinitokaje.

Hali mchana? Nikabaki na jambo hilo kichwani mpaka Mishomoroni. Kufika mangweni kwa Kaviha, mimi na kofia yangu na ndevu zangu nyeupe, watu waliokuwa na mirija mdomoni waliitoa. "Loo! Sheikh amekuja kufungulia huku!" akapiga kelele mmoja. Kicheko! Nilitamani ardhi inimeze. Kaviha mwenyewe, mzee wa Kigiriama mwenye adabu, alinitoa kando. "Wasamehe, ni kinywaji. Mtu wako hajaonja mnazi tangu mwezi uandame. Lakini nimemwona akipita leo. Jaribu Ziwa la Ng'ombe, pale kwenye samaki."

Nilimkuta. Ile meza ndefu ilikuwa imejaa vijana wapiga domo, naye hakukaa nayo. Alikuwa pembeni, kwenye kimeza cha kuelekea ukuta. Mbele yake sahani imefunikwa kwa sahani nyingine, na simu yake ameilaza kando aitazama saa. Mhudumu, msichana mwenye hasira zake, aliponiona nikimwendea akaniambia, "Mwambie ale aondoke. Kila siku ananunua chakula anakitazama mpaka kinapoa."

Nikavuta kiti. "Bonface."

Alishtuka. Akataka kusimama aniamkie, nikamzuia kwa mkono. "Wangoja nini?" nikamwuliza.

"Adhana."

"Kwani wewe... si ulisema wewe ni wa kanisa?"

"Mimi ni wa kanisa." Alikuwa akizungumza na ile sahani. "Lakini najua saa hii mnakaa. Mama Mwanatabu anatoa sambusa, Mzee Kiponda anagawa tende. Nikila mapema, nimekula peke yangu. Nikingoja, basi tunakula pamoja, hata kama mimi niko huku."

Nilivua kofia, nikaiweka mezani, nikangoja naye. Nilimwonea huruma, na nilijionea hasira. Adhana ilitoka msikiti wa jirani, akafunua sahani, akaisukuma katikati. Samaki alikuwa baridi, na wali, kwa taarifa yako, ni wa mafuta. Tulikula kwa mkono, sahani moja, mpaka tukaimaliza.

"Zuleikha amenikataza kurudi peke yangu," nikamwambia.

"Na Mzee Kiponda?"

"Mzee Kiponda ameshika nafasi yako, hataki mtu aiguse. Wewe rudi tu. Hatutakuuliza kitu."

Akarudi. Jioni ya pili yake alikuja taratibu, akasimama mbali kidogo, na Mzee Kiponda akapiga mkeka kwa kiganja chake, pa, pa. Akaketi. Yule jirani nisiyemtaja ndiye aliyemmiminia uji. Kanzu hakuitaja mtu. Zuleikha aliongeza sambusa bila sababu, na Bonface akawa acheka tena, aulizwa habari za godauni, asimulia vile folklifti ilivyokwama na meneja akiwa juu yake.

Nilidhani yameisha. Kumbe kuna kitu sikukiona, nacho kiko mbele ya macho. Siku zilivyozidi kupungua, watu walizidi kuchangamka. Watoto wauliza nguo mpya, wanawake wapaka hina, kila mtu ainua kichwa jioni kutafuta mwezi. Bonface peke yake alizidi kunyamaza. Maana Idd ikishaingia mkeka hukunjwa, na kila mtu hula kwake, mlango amefunga. Ndivyo tunavyoishi, si ubaya. Mimi mwenyewe siku nyingine nakula nimesimama jikoni. Nilifikiria kumwambia awe anakula kwangu kila siku. Lakini nina vyumba viwili, binti yetu Mwanatabu amerudi kwetu na watoto wake, sahani zenyewe twala kwa zamu. Kumwahidi mtu kisha ukamchoka ni vibaya zaidi. Nikafikiria, nikaahirisha.

Siku ya ishirini na tisa tulifuturu redio iko katikati ya mkeka. Mzee Kiponda aliinyamazisha midomo yote. Ikatangazwa: mwezi umeonekana, kesho Idd. Mtaa ulilipuka! Takbiri, vigelegele, watoto mbio, watu wakumbatiana wakiinuka, huyu akimbilia kuku, yule akimbilia kinyozi. Kufumba na kufumbua mkeka ulikuwa mtupu. Bonface tu ameketi na bakuli lake la uji.

"Bwana Abubakar," akaniambia, "si wakati mwingine hufika thelathini?"

"Hufika."

"Mimi niliomba ufike."

Mlangoni kwangu wateja walikuwa wameshasongamana, kila mmoja ataka kanzu yake usiku ule, na zingine sijazitia hata vifungo. Nilitaka kuketi naye. Wallahi nilitaka. "Kesho usiende popote," nikamwambia, "pilau iko."

"Nitakuja. Asante."

Ya kesho kutwa hakuniuliza, nami sikumwambia. Niliingia ndani nikakalia cherehani, na mashine ikaanza kulia. Baadaye Zuleikha alitoka kwenda kukunja mkeka. Alimkuta Bonface bado ameketi pale pale, ubavuni mwa nafasi ya Mzee Kiponda, na bakuli halina kitu. Akarudi ndani bila kuukunja.